Asubuhi Dinah Alipopotewa na Maneno

Dinah aliacha dawa kwa sababu alijiona mzima. Daktari wa Kitale alikuwa amemweleza kwamba moyo wake haupigi sawasawa, kwamba damu inayosita ndani yake huweza kuganda na kupanda kichwani, akampa vidonge vya kuzuia hilo, asubuhi na jioni. Alivimeza miezi miwili. Kisha fizi zikaanza kutoka damu akipiga mswaki, moyo nao ulikuwa umetulia, akavitia kabatini bila kumwambia mtu.

Mwezi wa nane akaenda Bungoma kumsaidia dada yake, Phelista, kazi ya maharagwe. Asubuhi ya tatu walikuwa wameketi nje wakiyachambua, jua bado changa, moyo ukaanza: ukaruka, ukasita, ukakimbia. Dinah aliinamia maharagwe, akingoja upite. Wepesi wa ajabu ukamjia, kana kwamba anaelea. Kila kitu kikajaa mwanga mweupe kama maziwa. Mdomo wa dada yake ulicheza bila sauti. Alitaka kuomba maji, lakini neno lenyewe lilikuwa limeondoka, na mengine yakalifuata moja moja, polepole, kama wageni wanaoaga. Wala hakuogopa. Maharagwe yalimponyoka mkono wa kulia, akayatazama tu, mekundu, mazuri.

"Dinah! Mbona mdomo umeenda upande?" Phelista alimdaka. "Mukhisa! Leta gari, bana, haraka!"

Jirani Mukhisa aliwafikisha hospitali kabla ya saa nne. Ndani ya mashine ya kupiga picha kichwa, Dinah alijiona mtoto mchanga, amebebwa mgongoni, shavu kwenye leso yenye harufu ya moshi. Alipotolewa, neno la kwanza kumrudia lilikuwa "Mayi", yaani mama, na ndilo alilomwita dada yake. Phelista akalia.

Kufikia jioni alikuwa akizungumza vizuri. Daktari Nyambu, binti mpole, akavuta kiti.

"Mama, damu iliganda ikaziba mshipa, kisha ikaachia yenyewe. Si wote wanaopata bahati hiyo. Dawa uliacha lini?"

Dinah alitazama ukuta. "Kabla ya Pasaka."

"Na mimi hukuniambia!" Phelista akafoka. "Sikio la kufa!"

"Fizi zikitoka damu, njoo tuangalie," daktari akasema. "Usiache dawa peke yako, hata ukijisikia mzima."

Dinah alirudi Kitale baada ya wiki mbili. Vidonge anavimeza. Moyo bado humruka siku nyingine akipanda njia ya kanisani. Huketi kando, watu wapite, mpaka utulie. Jina la ua moja jeupe lililo mlangoni kwake halijarudi hadi leo. Hulimwagilia maji hivyo hivyo.