Gari Lishuke Vidole Vinne

Kwa miaka kumi na sita nimewasema watu wanaoshusha magari. Mteja akija na springi fupi ndani ya boksi, akitaka gari lake litambae chini, namuuliza kama barabara zetu anaziona au anazisikia tu, kisha namfungia huku nanung'unika mpaka anaondoka. Gereji nzima inajua. Kwa hiyo Ijumaa ile nilipoingiza gari letu la nyumbani, refu, la viti saba, lenye makombo ya biskuti kila pembe, na kuteremsha boksi la springi fupi, fundi umeme wetu tunayemwita Bwana Nyaya aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Makubwa haya!" akasema. "Baba wa watoto watatu unarudi ujanani? Bado cheni ya shingoni tu."

"Shughulika na nyaya zako," nikamjibu.

Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Mama mkwe wangu anaishi nasi, na tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, gari letu lilikuwa mlima kwake. Siku ya kwanza ya kliniki tulimwekea kigoda, kigoda kikateleza, nikamdaka kiunoni na kumpakia kitini kama gunia. Nikadhani nimefanya la maana. Tuliporudi akamwambia mke wangu, "Mkwe wangu asinibebe tena. Kama ni hivyo, sitoki." Huyu ni mama aliyelea watoto watano kwa cherehani yake, na hadi leo hataki mtu amshikie hata mkoba. Tukajaribu teksi. Gari dogo, kiti kiko chini mno, akazama humo, na kumtoa ikawa kazi ya watu wawili, mimi na dereva, tumemshika huku na huku watu wanatazama. Hapo ndipo alipofunga ukurasa.

Akakosa kliniki mara mbili. Ya tatu ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpigia simu mke wangu na kumwambia bila kumung'unya maneno: akikosa na hii, mguu utakakamaa, na akishalala kitandani huenda asiinuke.

Kitanda! Neno hilo ndilo lililoniamsha. Kitandani kwake alikuwa anakaa na kuinuka mwenyewe, bila msaada wa mtu. Kina urefu unaomfaa. Mimi kuingia chumbani kwa mama mkwe siwezi, naona haya, nikampa mke wangu tepu akapime.

"Unapima kitanda cha mama yangu?" akaniuliza. "Unamchongea jeneza?"

"Pima tu, mke wangu. Nitakueleza."

Akapima. Nikapima kiti cha gari. Kiti kilizidi kitanda kwa upana wa vidole vinne, na springi nilizozijua, zile zile nilizokuwa nazitukana, zinashusha gari la aina yetu vidole vinne barabara. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikacheka kama mwehu. Mke wangu alipoelewa, alinifuta vumbi begani, akaingia ndani.

Basi Ijumaa nikanyanyua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya vigingi vya chuma, nikavua magurudumu yote manne. Nikalegeza mikono ya chuma inayoshika magurudumu, nikazibana springi ndefu kwa kibanio, maana ikikuponyoka ile inakutoa meno, nikazitoa na kuweka fupi. Nikafunga shokapu mpya, fupi pia. Nilifanya haraka. Nilitaka nimwonyeshe mama jioni ile ile, aone, alale na moyo mweupe. Nikakaza kila boliti gari likiwa bado juu na mikono ile ya chuma inaning'inia, nikarudisha magurudumu, nikashusha jeki. Bwana Nyaya akanirekebishia taa za mbele ziendane na kimo kipya, akizidi kunikejeli. Nikaondoka bila kupima.

Jua lilikuwa bado lipo nilipoegesha mbele ya nyumba. Mama mkwe akatoka na mkongojo wake, mke wangu nyuma yake. Nikafungua mlango. Akageuka, akakipa kiti mgongo, akapapasa kwa mkono, akajisukuma. Hakufika. Akajaribu tena, akiuma midomo. Alibaki kaning'inia ukingoni, ncha za viatu zinakwaruza chini, kisha akateleza akarudi kusimama. Nilinyoosha mikono bila kufikiri, akaniangalia, nikairudisha.

"Si kitu, baba," akasema. "Umejitahidi. Mungu akuzidishie." Akaingia ndani taratibu.

Afadhali angenitukana. Nikachukua tepu. Gari lilikuwa limeshuka vidole viwili tu. Viwili! Nikamlaani muuza springi, nikamlaani aliyezitengeneza, na mke wangu aliponiambia nije nile, nikamkaripia na yeye. Akanifunikia chakula. Baadaye nilimwomba radhi, akasema, "Hasira zako nimezizoea. Mama yangu je?"

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa gereji. Nikaliweka gari juu ya shimo, likiwa limesimama kwa magurudumu yake, nikashuka chini na taa. Springi zilikuwa sawa. Hakuna kilichokwama. Bwana Nyaya, ambaye hulala jirani na hapo, akaja akachungulia, na safari hii nikamweleza yote, kitanda, kigoda na teksi. Kejeli zikamwisha. Akachutama ukingoni mwa shimo.

"Hizi bushi," akasema polepole, "ulizikaza gari likiwa juu?"

Nikaielekeza taa kwenye boliti.

Haki ya Mungu, sijawahi kujiona mjinga kiasi kile. Kila mkono wa gurudumu una mpira kwenye maungio yake, ndiyo hiyo bushi. Ukiukaza wakati gurudumu linaning'inia, mpira unashikilia pale pale, na gari likiwekwa chini unajisokota na kuligomea lisikae. Hili ndilo kosa ninalowafokea wenzangu kila wiki, mpaka wamechoka na sauti yangu. Na mimi mwenyewe, kwa pupa ya kusifiwa, nimelifanya mara nne katika gari moja.

Nikashika spana. Boliti ya kwanza ilipolegea, mpira ulilia kwii, na gari likainama kidogo juu ya kichwa changu. Ya pili, ya tatu. Ya mwisho ilipoachia, gari zima lilikaa chini, puu, kama mtu aliyefika nyumbani na mizigo. Nikakaza upya zote, taratibu, likiwa limesimama hivyo hivyo. Bwana Nyaya akapima kiti kwa juu.

"Vinne!" akapiga kelele. "Vinne kamili, ewe mkwe!"

Nilikaa ndani ya shimo, kwenye mafuta na vumbi, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu siku ya kigoda. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kuyataja.

Nilifika nyumbani saa mbili na robo. Mke wangu alinipokea mlangoni akaninong'oneza kwamba mama amesema haendi popote. Lakini nilipochungulia, alikuwa ameketi sebuleni na gauni lake la kutokea, kitambaa kimefungwa vizuri, viatu miguuni.

"Mama," nikasema, "jana kosa lilikuwa langu. Nilifunga vibaya. Nakuomba ujaribu mara moja tu, nami nitasimama mbali."

Akanitazama juu hadi chini, nilivyo na grisi usoni. Akachukua mkongojo.

Nikafungua mlango, nikarudi nyuma hatua tano, mikono nimeificha mgongoni. Akageuka. Akapapasa kiti. Akakaa. Alikaa tu, kama anavyokaa kitandani, kisha akaingiza mguu mmoja, na wa pili akausaidia kwa mkono. Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo.

Nikasogea nifunge mlango. "Ngoja," akasema, akatoa miguu, akashuka. Nikadhani ameumia. Akasimama, akavuta gauni likae sawa, akageuka, akakaa tena. Akashuka tena. Akapanda.

"Mama, tunachelewa," mke wangu akasema.

"Subirini," akajibu, akashuka.

Tukasubiri. Tulifika kliniki dakika ishirini nyuma ya saa, na mtaalamu wa mazoezi alikuwa kanuna mlangoni, faili mkononi. Akamuuliza mama mkwe ni kitu gani kimemchelewesha namna hiyo.

"Nilikuwa napanda gari," akasema.