Neno Lililorukwa

Kupeleka samaki Kigoma kwa treni ni sawa na kupeleka chumvi Uvinza. Lakini mwaka ule wa tisini na sita mambo yote yalikuwa kichwa chini miguu juu, na mapipa arobaini ya samaki wa baharini wa chumvi yakashushwa stesheni, yakapakiwa kwenye lori mpaka kambi ya mapokezi nje kidogo ya Kidahwe. Wahisani wa mbali huko walikuwa wameamua kwamba wakimbizi kutoka Burundi wale samaki. Wazo zuri, nani atawalaumu. Shida ilianza pipa la kwanza lilipofunguliwa.

Aliyelifungua ni Aikande, ofisa afya wa kambi, mwanamke wa Machame aliyehamishiwa Kigoma miaka miwili nyuma na ambaye wote walimwita Bibi Afya. Alichukua samaki mmoja, akampasua kwa wembe, akamwinua kwenye mwanga. Kando yake alisimama Eufrasia, mkalimani wake, Muha wa hapohapo Kidahwe. Ndani ya mnofu mlikuwa na kitu chembamba, cheupe, kimejiviringa kama uzi uliodondoka kwa fundi cherehani. Bibi Afya akakitoa, akakiweka kiganjani, wakangoja. Kikajinyoosha.

Eufrasia akageuka pembeni, akatema mate.

Bibi Afya alitaka mapipa yote yachomwe moto siku ileile. Mkuu wa kambi akamuuliza atawalisha watu elfu tatu kitu gani, maana maharage yalikuwa yamekwama njiani, daraja limechukuliwa na maji, na treni nyingine haijulikani. Wakabishana mpaka saa nne asubuhi. Mwisho wakakubaliana, kwa shingo upande, kwamba samaki wagawiwe, lakini watu waambiwe waziwazi: samaki hawa wana minyoo, mnyoo hafi kwa chumvi hii wala kwa jua, anakufa kwa moto, kwa hiyo mtu asile mpaka samaki amechemka na mnofu unaachana na mfupa.

Ndipo kazi ikamwangukia Eufrasia. Watu walimpenda kwa sababu katika kutafsiri kwake hakutia chumvi. Akiambiwa maneno kumi, alitoa kumi. Siku ile, hata hivyo, alisimama juu ya kreti na kipaza sauti mkononi, akatazama zile nyuso, akakwama kwenye neno moja. Kwa Kiha na kwa Kirundi, mnyoo na nyoka ni jina moja: inzoka.

Angesema kuna inzoka ndani ya samaki? Wiki mbili nyuma ulikuja unga wa mahindi ya njano, na mtu mmoja, hajulikani hata leo, akanong'ona kwamba ule unjano ni sumu. Watu waliofukuzwa makwao kwa mapanga hawahitaji ushahidi mwingi. Unga ukamwagwa, watu wakashinda na njaa siku tano, na watoto watatu wakazikwa nyuma ya choo cha mwisho. Eufrasia alikuwa amesimama kwenye makaburi yale. Akameza neno lake.

"Muteke neza," akasema kwenye kipaza sauti. Pikeni vizuri.

Basi. Bibi Afya, ambaye Kirundi chake kiliishia kwenye salamu, alimtazama kidogo. Maelezo yake marefu yalikuwa yametoka mafupi mno. Lakini foleni ilikuwa imeshaanza kusukumana, na hakuuliza.

Nisimkatie mtu hukumu upesi. Mimi mwenyewe, ningekuwa juu ya lile kreti, sijui ningesema nini. Ila kumwambia mtu apike vizuri bila kumwambia kwa nini, wakati kuni ni mzigo mmoja kwa familia kwa wiki na ukienda msituni wenye mashamba wanakutoa mbio, hilo ni sawa na kumwambia alale vizuri ilhali hana godoro. Atakusikia tu, kisha afanye lile linalowezekana.

Katika foleni ile alikuwamo Recho na mumewe Dismasi, watu wa Nyanza-Lac, watu wa ziwani. Eufrasia alizoeana nao tangu siku waliyopokelewa, kwa sababu Recho alikuwa na mtoto mchanga na kicheko ambacho vita havikukimaliza. Dismasi alikuwa mvuvi. Kwao, ndagala, yaani dagaa, zikishakaukia mchangani, mtu huzitafuna hivyohivyo na muhogo, na hakuna aliyewahi kuugua. Alipoona samaki aliyekolea chumvi, mgumu, mkavu kwa nje, yeye alijua anachokitazama. Samaki huyo ameshaiva. Kuni zilizobaki akamwachia Recho za kuchemshia uji wa mtoto, na yeye akaketi mlangoni pa hema akamtafuna wake, akisema wa baharini hana ladha lakini mzima. Mke wake hakumla. Alikuwa ananyonyesha, na harufu ilimchefua.

Kesho yake kabla ya jua kukolea Dismasi aliletwa zahanati amekunjwa mara mbili, ameshika tumbo juu ya kitovu, anatapika. Siku zile wagonjwa wawili wa kipindupindu walikuwa wameshathibitishwa, na tabibu, kijana wa Ujiji aitwaye Hamdani, alikuwa na amri ya kumpeleka kila anayetapika kwenye hema la karantini. Hata hivyo alikuwa makini. Alimtazama Dismasi, akakunja uso. Alisema huyu haharishi, maumivu yake yako juu mno. Kisha akamgeukia Eufrasia, amuulize mke wa mgonjwa mumewe amekula nini.

Recho akajibu haraka haraka, mtoto mgongoni, kwamba amekula samaki wa mgawo, wa chumvi, mbichi.

Mnisikilize hapa, maana kosa la kwanza mtu anaweza kuliita huruma. Eufrasia aliona mambo yote kwa mara moja: mapipa, kreti, neno alilolimeza, Bibi Afya akimtazama, kazi yake ikiota mbawa. Watu sita nyumbani kwake walikula kwa kazi ile.

"Amekula samaki," akasema.

Kila mtu kambini alikuwa amekula samaki. Hamdani akaitikia kwa kichwa, akaandika, na Dismasi akabebwa kwenye hema la karantini, akalazwa kitandani kati ya wale wawili.

Siku ya pili tumbo lilianza kutulia. Eufrasia alisimama nje ya kamba akamwona ameketi, akashukuru Mungu, akajiambia yamepita. Siku ya tatu Dismasi akaanza kuharisha maji meupe. Siku ya nne, saa sita mchana, akafa. Alikuwa ameingia mle akiwa hana kipindupindu. Recho hakuruhusiwa kumwosha wala kumgusa. Wakamwonyesha mfuko kwa mbali, na waliovaa mabuti wakamzika kwa dawa ya klorini. Eufrasia ndiye aliyemtafsiria masharti ya mazishi, na safari hii hakuacha hata sharti moja.

Jumamosi wakaja wengine wanne, wameshika tumbo mahali palepale. Mmoja wao, bibi mmoja mkongwe, alikohoa akatapika, na ndani ya beseni kukawa na uzi mweupe unaojinyoosha. Bibi Afya akautia kwenye chupa, akaenda nayo moja kwa moja kwa mkalimani wake. Alimuuliza kama aliwaambia watu habari ya minyoo. Eufrasia akasema aliwaambia. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

Bibi Afya akaagiza watangaziwe upya palepale, chupa ikiwa mkononi, ili waone kwa macho yao. Mkuu wa kambi akaahidi kuni za ziada. Zilikuwapo, kumbe, nyuma ya ghala, zimefunikwa turubai.

Eufrasia akapanda kreti lilelile. Alisema kila kitu. Alisema inzoka, akalirudia, akasema moto unawaua na chumvi haiwaui. Lile aliloliogopa likatokea, ingawa nusu tu: baadhi wakaenda kumwaga samaki wao chooni, mwanamke mmoja akaanza kulia, lakini wengi walisogea, wakaitazama chupa, wakauliza maswali ya akili. Wachemke kwa muda gani? Supu yake je, inafaa? Walikuwa watu wazima. Wangeweza kuambiwa tangu mwanzo, na hilo lilimuuma Eufrasia kuliko yote.

Recho alikuwa mbele, mtoto mgongoni. Hakuitazama chupa. Alingoja mpaka sauti zikapungua, akasema sentensi moja kwa Kirundi, taratibu, bila ukali wowote. Waliokuwa karibu wote wakamtazama aliye juu ya kreti.

Bibi Afya akageuka.

"Anasemaje, Dada Eufrasia?"

Kipaza sauti kilikuwa kizito. Angeweza kusema anauliza habari za kuni. Angeweza kusema anashukuru. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa watu elfu tatu ambao Bibi Afya hakuielewa lugha yao.

"Anauliza," akasema Eufrasia, "kama neno hili nililijua siku ya mgawo." Akamgeukia Bibi Afya. "Na anauliza kama nililijua pale zahanati, aliponiambia mumewe amemla mbichi."