Kuku wa Marehemu na Mfumo Huria

Mke wangu aliniachia kuku, na wote wamo ndani ya kompyuta. Ni mchezo aliouanza akiwa mgonjwa kitandani: banda, mitetea, na jogoo mwenye kelele aliyempa jina la Mheshimiwa. Tangu azikwe, mimi ndiye ninayewamwagia pumba kila asubuhi kwa kubofya. Usipowalisha wanakufa, na mchezo ule haufufui mtu.

Sasa wakubwa wenye mfumo wa kompyuta, huko waliko, wakaamua lao. Nafungua mashine, kioo kimejaa maandishi: mfumo huu umefikia mwisho wa kuhudumiwa, tafuta mashine mpya. Tokea hapo kila nikifungua banda, mashine inajizima. Kiwanda nilichofanyia kazi nacho walitufungia kwa upole huohuo. Wakubwa hawajui kusema "tumekutupa".

Nikamwita shemeji, mdogo wake marehemu, fundi wa kompyuta mwenye mdomo kama wa dada yake. Alikuja na flashi tatu, kila moja na mfumo wake, akazipanga mezani pembeni ya dawa zangu za presha, akasema tutawaokoa kuku kwa kuhamia mfumo huria.

Nikasimama. "Huria? Kama soko huria?"

"Shemeji, kaa."

Sikukaa. Soko huria ndilo lililojaza mitumba mjini likaua kiwanda chetu cha nguo, nikarudi nyumbani na mkasi wa kazini mfukoni. Huria nyingine haiingii humu kuja kumaliza kuku wa marehemu. Akaniacha niseme yote, maana keshayasikia, kisha akanieleza kwamba huria hii ni ya watu walioandika programu na kuacha wazi jinsi ilivyoundwa. Anayetaka anachungulia, anarekebisha, anampa mwenzake.

"Mkubwa wao nani?"

"Hawana mkubwa wa hivyo unavyofikiri."

"Basi nikikwama nimlaumu nani?"

Alicheka mpaka akashika meza.

Nikaketi, nikaagiza hao watatu waingie mmoja mmoja wasailiwe. Wa kwanza alileta kioo cheusi, anataka umwandikie amri. Nimeishi na amri za kutosha, nikamchomoa mwenyewe. Wa pili ni wa vijana wa magemu, ana kasi, lakini hubadilishwa mara kwa mara. Kama mawaziri. Nje. Wa tatu alikuwa na kitufe chake chini kushoto kama nilivyozoea, intaneti, barua, video, kila kitu mahali pake. Tena unamwonja kwanza kutoka kwenye flashi. Usipompenda unachomoa, mashine inabaki ilivyokuwa. Nikamuuliza shemeji kwa nini wanaotutawala hawaletwi kwa flashi.

Zikabaki roho za kuku. Mchezo haukuijua lugha ya mfumo mpya, kwa hiyo alinakili banda zima pembeni, akauwekea programu ya kuutafsiria, aliyoiita mkalimani. Banda likafunguka. Kuku wote walikuwa wanatembea kinyumenyume, na Mheshimiwa yuko kichwa chini miguu juu, anawika bila sauti. 

"Mkalimani huyu amelewa," nikasema.

Akachagua mwingine. Kuku wakageuka. Mheshimiwa akasimama, akawika, jirani akagonga ukuta.

Ndipo shemeji akausimika mfumo moja kwa moja. Katikati ukauliza: msimamizi mkuu wa mashine hii ni nani?

"Andika jina lako," shemeji akasema. "Leo na wewe uwe mkubwa, tuone."

Nikaangalia vile vitufe alivyovichakaza mwenzangu kwa kidole kimoja.

"Muweke dada yako."

Akaandika.

Siku hizi kila asubuhi mashine inamkaribisha yeye kwa jina, mimi naingia nyuma yake na pumba. Jana mtetea mweupe hakutaga. Nikafungua mdomo niwaseme wakubwa, nikaliona lile jina pale juu, nikaufunga.

Nikamgeukia Mheshimiwa.