Upofu wa Mama Unaashiria Nini

Mtaani walimwita Mtunzi, na jina hilo alilipenda. Aliandika michezo ya redio. Ule uliompa sifa ulimhusu mama mmoja kipofu aliyeishi na watoto wake watatu. Watoto wale waliuza vitu vya nyumbani kimoja kimoja, leo kabati, kesho kitanda, na mama akakaa katikati ya nyumba inayozidi kuwa tupu, akitabasamu na kusema, "Nyumba yetu imejaa baraka." Mwishoni wanauza hata mlango. Mama anahisi upepo usoni, anauliza, "Nani kafungua dirisha?" Na mchezo unaishia hapo.

Watu walilia. Mchezo ukarudiwa hewani, ukachapishwa kuwa kijitabu, kijitabu kikaingia mashuleni.

Sasa, mama yake Mtunzi mwenyewe alikuwa haoni. Alikuwa mshonaji tangu usichana wake, na macho yalipozima hakuiacha cherehani. Magauni aliyaacha, akabaki na mashuka na foronya, akishona kwa kupapasa. Uzi aliutia kwenye sindano kwa ncha ya ulimi, upesi kuliko wenye macho yao. Watu aliwatambua kwa nyayo kabla hawajabisha hodi. Akiudhika hakugomba, alikohoa mara moja tu, kikohozi kikavu, na nyumba nzima ikajua mambo yameharibika. Yote hayo Mtunzi aliyachukua akampa yule mama wa mchezoni. Hakuomba ruhusa. Aliona cha mama ni cha mwana.

Wala mama hakukasirika. Mchezo uliporushwa mara ya kwanza, dada yake Mtunzi, aliyekuwa akikaa na mama, aliwaita majirani wajae sebuleni. Ilipofika sehemu ya uzi na ulimi, mama alipiga kofi.

"Huyo ni mimi! Haya, sikieni anavyokohoa! Mwanangu kaniiba mzima mzima!"

Tangu siku hiyo mteja akija kuchukua foronya zake aliambiwa ameshonewa na mama wa redioni, kwa hiyo asilete habari za kupunguziwa bei. Kwamba watoto wa mle mchezoni walikuwa wezi hakukumsumbua. Hadithi bila wabaya ni mboga bila chumvi, alisema. Aliyesumbuka ni dada.

"Na mimi ndiye yule anayeuza mlango?" alimuuliza mdogo wake.

"Aa, dada. Ni hadithi tu."

Dada alikuwa na binti wa sekondari ambaye bibi yake alimpa jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Hata masomo aliyasoma kwa sauti. Alasiri moja alikuwa amekaa sakafuni karibu na cherehani, akijiandaa kwa mtihani, bibi akishona, yeye akisoma maelezo aliyopewa darasani.

"Swali. Upofu wa Mama unaashiria nini? Jibu. Upofu wa Mama unaashiria ujinga wa kujitakia. Mama anawakilisha watu wanaokataa kuona maovu, kwa maana wakiyaona itawabidi wachukue hatua. Kutia uzi kwa ulimi kunaashiria watu wanaojivunia vijambo vidogo huku makubwa yakiwapotea..."

Cherehani ikanyamaza.

"Rudia hapo," bibi akasema.

"Wapi, bibi?"

"Hapo kwenye ujinga."

Chiriku akarudia, na safari hii maneno aliyasikia mwenyewe. Akaishia katikati. "Lakini bibi, si wewe. Ni ishara tu."

"Nani kaandika hayo?"

"Mwalimu katupa. Alisema mjomba alipokuja kutembelea shule ndivyo alivyoeleza mwenyewe."

Bibi akakohoa mara moja. Kisha akaikunja foronya, nusu haijashonwa, akaiweka.

Mtunzi alifika Jumapili kama kawaida yake, na matunda kwenye mfuko. Mama alimwacha akae, akamwacha anywe chai, ndipo akauliza.

"Yule mama wa kwenye mchezo wako. Kwa nini ulimfanya haoni?"

Mtunzi alifurahi kuulizwa. Alizoea kulijibu swali hilo mbele ya watu. "Ni ishara, mama. Hadithi nzuri lazima iwe na kitu chini ya kitu. Juu unamwona mama kipofu. Chini yake kuna jamii nzima, watu wanaibiwa na hawataki kuona."

"Hawataki."

"Ndiyo. Ndiyo maudhui yenyewe."

 Vidole vya mama vilikuwa vinasugua ukingo wa meza, huku na huku, kana kwamba anatafuta pindo.

"Mimi nilitaka kuona, baba," akasema. "Nilitaka sana."

Mtunzi akaweka kikombe chini. Alikuwa na majibu mengi kuhusu hadithi na maisha, na tofauti ya mtu na mhusika, na yote aliwahi kuyasema ukumbini watu wakapiga makofi. Akachukua mfuko wa matunda akaupeleka jikoni.

Baada ya hapo mama akabadilika. Kwanza aligeuza jambo kuwa mzaha, na mzaha wake ulikuwa na miiba. Mgeni akibisha hodi na kumuulizia, alijibu kutoka chumbani, "Pita ndani, ishara iko huku." Akigonga kichwa mlangoni alisema, "Nimejitakia." Kisha hata mzaha ukakoma. Redio akaomba itolewe sebuleni. Na siku moja dada alimkuta na sindano mkononi, ameinamisha kichwa, anamngoja Chiriku arudi shuleni amtilie uzi.

"Si unatia mwenyewe, mama?"

"Sipendi tena. Watu wananitazama."

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Jumapili iliyofuata dada alimpokea mdogo wake mlangoni, akasimama pale pale bila kumpisha. "Macho yake aliyachukua Mungu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Lakini ule ulimi wake umemnyang'anya wewe."

Mtunzi alikwenda kituo cha redio kuonana na mtayarishaji wa vipindi, mwanamke wa makamo aliyeupokea mchezo ule tangu ukiwa karatasi tatu. Alimkuta kwenye chumba cha kurekodia, amevaa visikizio shingoni, anakula karanga. Akamweleza yote. Akaomba mchezo usirushwe tena, au ule mwisho ubadilishwe, au mama asiwe kipofu.

"Awe nani sasa, kiziwi?" mtayarishaji akauliza, kisha akajuta. Akazisukuma karanga kando. "Samahani. Lakini ukiutoa upofu, mchezo unaanguka wote. Unajua hivyo."

"Basi ishara ndiyo mbaya."

"Ishara haina ubaya. Tatizo ni kwamba ulikuwa na maana yako tayari mfukoni, ukatafuta mtu wa kumvisha, na aliyekuwa karibu ni mama yako. Ulijua upofu wake unamaanisha nini. Uliwahi kumuuliza ulikuwaje?"

Mtunzi aliwaza njia nzima. Mama alikuwa haoni kwa miaka mingi, naye hakuwahi kumuuliza. Alijua ugonjwa ulikuwa presha ya macho, kwa sababu daktari alisema. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Alirudi kwa mama siku ya kazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akakaa sakafuni, pale anapokaa Chiriku. "Mama, nisimulie macho yalivyokwenda."

"Ili uandike?"

"Hata nisipoandika."

Mama alikataa siku hiyo, na siku ya pili yake. Siku ya tatu alianza katikati tu, bila utangulizi, huku anakunja shuka.

Yalianzia pembeni, alisema. Katikati aliona sawasawa, ila pembeni ukungu ukawa unasogea, kila mwezi kidogo. Hakumwambia mtu. Mume alikuwa amefariki mwaka uleule, binti alikuwa na mimba ya Chiriku inayomtesa, mwana yuko chuoni. Angemwambia nani, na wangefanya nini zaidi ya kulia? Akaanza kujifunza giza kabla halijafika. Asubuhi, akiwa peke yake, alijifunga kitambaa usoni akashona hivyo hivyo, akajichoma, akafumua, akaanza tena. Aliihesabu nyumba kwa mikono. Walipokuja kugundua kwamba haoni, alikuwa amekwisha kuwa fundi wa kutoona.

"Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo," Mtunzi alisema.

"Nilijua kuliko daktari."

"Na kitu cha mwisho ulichokiona?"

Mama akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Kila mtu huniuliza hilo. Wanataka niseme ni sura ya mjukuu, au jua linazama. Ningejua ni cha mwisho ningekitazama vizuri. Nadhani ilikuwa sufuria."

"Sufuria?"

"Ya maji."

"Maji," Mtunzi akarudia polepole, na mama akamjua. "Usihangaike nayo, mwanangu. Ilikuwa sufuria tu. Nilikuwa nachemsha maji ya kuoga."

Wakacheka wote wawili, na dada aliyekuwa jikoni akachungulia kuona kuna nini.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri. Mtunzi alikuja kila alipopata nafasi, akaandika, akamsomea mama alichoandika, na mama akamkosoa bila huruma. Hapa umenifanya mpole mno. Hapa baba yako hakusema hivyo, alitukana. Huyu jirani mwongeze ubaya. Walifika hadi siku ya kitambaa usoni. Hawakufika zaidi. Asubuhi moja dada alisikia kitu kimeanguka chumbani, akamkuta mama chini ya cherehani, upande mmoja wa mwili umelala. Kiharusi. Hospitali alikaa siku chache, hakusema neno tena, ila mkono wake wa kulia haukutulia. Ulikuwa unapapasa ukingo wa shuka, kuipima mishono ya mtu mwingine. Alifariki adhuhuri, wakati wa wageni kuona wagonjwa, wanawe wote wawili wakiwapo.

Msiba ulijaa watu. Walikuja majirani, walikuja wateja, na kwa kuwa mchezo ulijulikana, wakaja hata watu ambao hawakuwahi kumwona mama akiwa hai. Mwalimu wa Chiriku aliomba kusema machache. Alikuwa mtu mwema na alikuwa na uchungu kweli. Alisema marehemu hakufa, kwa kuwa mama wa ule mchezo hafi. Alisema vizazi vitamsoma. "Upofu wake," alisema, "umetufumbua macho sisi tuliokataa kuona."

Mtunzi alitazama miguu yake. Dada akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu.

"Ahsante, mwalimu. Lakini waliokuja wajue wamekuja kumzika nani. Mama yetu hakuwa mfano wa mtu yeyote. Alikuwa mshonaji. Alikunywa chai ya moto mpaka unaogopa kumtazama. Alikuwa na wivu. Alimchukia jirani mmoja miaka yote bila sababu, na jirani huyo yuko hapa analia kuliko mimi." Watu wakacheka huku wanafuta machozi, na jirani mwenyewe akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa haoni. Basi. Hakujitakia."

Akakaa. Mtunzi alitaka kumshika mkono, dada akauondoa, ila si kwa ukali.

Mchezo mpya Mtunzi aliumaliza peke yake, kwa yale aliyoyapata, na alipokosa aliacha pengo bila kuliziba. Mtayarishaji aliusoma akakaa nao mapajani. "Huu ni bora," alisema. "Lakini sijui nani atausikiliza." Ulirushwa mara moja tu, asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa kazini. Kamati ya vitabu vya shule iliurudisha ikisema maudhui yake hayajitokezi. Ule wa zamani ulichapishwa upya, na Mtunzi alipoomba uondolewe mchapishaji alimwonyesha mkataba wenye saini yake.

Mwisho wa mwaka Chiriku alifanya mtihani. Swali lilikuwamo. Alimpigia mjomba wake simu kutoka shuleni.

"Nimeandika kama tulivyofundishwa, mjomba. Ujinga wa kujitakia. Lilikuwa na alama nyingi."

"Ulipaswa kuandika hivyo."

"Nilianza kuandika vingine. Nikafuta." Akaanza kulia, na Mtunzi akasubiri mpaka salio la simu ya binti lilipokwisha.

Jumapili aliendelea kwenda, ingawa kwa miezi dada alimwekea chai na kurudi jikoni. Siku moja hakurudi. Alikaa mkabala naye akasema, kama mtu anayeendeleza maongezi ya jana, kwamba kuna mwaka mama alishona gauni la mpambe wa bibi harusi, macho yameshafifia na bado anaficha, akauweka mkono mmoja nje ndani. Mpambe akaligundua siku yenyewe, mbele ya watu, akaja mbio na gauni lake.

"Mama akamwambia nini, unajua? Akamwambia, 'Binti, huo ni mtindo. Wenye macho wataujua.'"

Mtunzi hakuwahi kuisikia. Alicheka mpaka akashika tumbo, dada naye akacheka, na hakuna aliyeweza kusema ni nani kati yao aliyeanza kulia.