Kasuku Aliyeishiwa Maneno

Walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na majina ya wakwe, mashangazi na mabinamu aliyatiririsha bila karatasi. Kwa hiyo siku alipomkaribisha mama wa bwana harusi kwa kumwita marehemu, wageni waliangua kicheko wakidhani ni utani. Mama mwenyewe hakucheka sana.

Baadaye vifungo vya shati vikamshinda. Akawa anatembea kama anayevuka tope, anaanza sentensi na kuitelekeza njiani. Bahati nzuri ukoo wao haukosi madaktari wa sebuleni. Mjomba akasema ni kiburi cha umaarufu. Dada wa Kasuku, bingwa wa umbeya, akatangaza kwamba mkewe kamlisha kitu ili ampende. Ajabu ya dawa hiyo ya mapenzi, ilimsahaulisha mume hata jina la huyo mke.

Mke, mwalimu wa chekechea, hakubishana. Alimuuliza mumewe vidonge vyake viko wapi. Kwamba Kasuku anaishi na virusi vya UKIMWI ukoo mzima ulijua, ila walikuwa wamekubaliana kutojua. Kumbe vidonge alishaviacha zamani. Alikuwa amenenepa, na kwa elimu yake mwenyewe, mtu mwenye kitambi haumwi.

Hospitalini daktari alimwambia agonganishe vidole haraka haraka, kisha ayarudie maneno machache aliyotajiwa. Vidole vilisuasua, maneno hayakurudi. Baada ya vipimo vya damu na picha ya kichwa, daktari aliwaita ndugu wote waliomsindikiza.

"Virusi havikuishia kwenye damu," alisema. "Vimeingia kwenye ubongo na kuteka seli zinazoulinda. Sasa hao walinzi ndio wanaomwaga sumu, na seli za kufikiria zinaumia."

"Kwa hiyo hakulishwa kitu?" dada aliuliza, kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa habari.

"Hapana. Aliacha dawa."

Akarudishwa kwenye dawa. Mkewe alimpa kila asubuhi baada ya chai na kusimama hapo mpaka ameze. Miezi ikapita. Vidole vikaanza kutii, sentensi zikaanza kufika mwisho, ingawa kwa mwendo wa konokono. Si yote yaliyorudi. Daktari alishawaonya kwamba seli iliyokufa haifufuki. Harusi zikaenda kwa vijana wenye spika kubwa na majina ya kubahatisha. Mjomba hadi leo anasimulia jinsi makaripio yake yalivyomponya.

Siku moja muuguzi alimwomba Kasuku aongee na wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi kusubiri dawa. Mke aliogopa aibu, akamshika mkono. Yeye akautoa taratibu, akasimama.

"Mimi nilijiona mzima," alisema, akanyamaza akilitafuta neno. Watu wakamsubiri. "Nikaacha. Msi... msiniige."

Akakaa. Jasho lilikuwa likimtoka. Mwanamke wa benchi la mbele akasogea kumpisha mke wa Kasuku akae, akamuuliza kwa sauti ya chini kama dalili zilianza na vifungo, maana mume wake naye siku hizi vinamshinda.