Kamera Juu ya Kabati

Davison aliweka kamera sebuleni baada ya wezi kung'oa sola yao juu ya paa. Kazi yake ilikuwa mgodini, Solwezi, mbali sana na Nchelenge, na alitaka kuiona nyumba yake kwenye simu. Mkewe Régine, mzaliwa wa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, aliizoea upesi. Alifagia mbele yake, akala mbele yake, akalia mbele yake siku ya kulia.

Kwa hiyo mdogo wake Léonie alipoingia uso umevimba, binti yake Priscille mgongoni, Régine hakuikumbuka kamera. Alifunga mlango, akashusha pazia, akaanza kumkanda uso kwa maji ya moto.

"Mara hii ataniua, Yaya," Léonie alimwambia dada yake.

"Mumeo André hajui uko hapa. Hata jirani hajui. Kesho nitakupeleka kwenye mtumbwi, uende kisiwani Kilwa, hapa ziwani, kwa mama mkubwa Rosaria. Nani atakutafuta kule?"

Asubuhi aliwasindikiza, akasimama ufukweni hadi mtumbwi ukawa nukta. Aliporudi nyumbani, akiwa anakunja mkeka waliolalia, sauti ya mwanamume ikatoka juu ya kabati.

"Aksanti, shemeji. Kilwa ni karibu na kwetu. Minafika mbele yao."

Mkeka ulimponyoka. Ilikuwa sauti ya André, ndani ya kamera.

Alimpigia Davison, akamweleza. Davison akasema, "Tulipokwenda kwenye mazishi Mansa, nilimwomba atuangalizie nyumba. Nikampa paswedi ya kamera. Sikuibadilisha."

"Tangu mazishi yale ananiona? Nikivaa, nikilala hapa joto likizidi?"

"Nilisahau, Régine. Ni shemeji yetu. Nilimhesabu mtu wa nyumbani."

Régine alikata simu, akaung'oa waya wa kamera ukutani. Akapiga namba ya Léonie: haipatikani. Ya Rosaria: haipatikani. Akakimbia ziwani bila viatu, akaomba mtumbwi mmoja baada ya mwingine, na kila mvuvi alimwonyesha mawimbi kwa kidevu. Mwishowe akamshika shati Chewe, aliyezoea kumuuzia chisense, dagaa wa ziwa lile.

"Ziwa limechafuka, mayo," Chewe alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Nipeleke, la sivyo naogelea."

Chewe alimtazama usoni, akawasha injini.

Maji yaliwapiga njia nzima. Régine aliyachota kwa kopo na kuyamwaga nje, akiwa hajui kama anasali au anatukana. Walipofika kisiwani, mama mkubwa Rosaria alikuwa ameketi mchangani, kilemba kimeanguka kando.

"Alifika mbele," alisema. "Hakumupiga hata kidogo. Alimunyang'anya mutoto tu, akaingia naye mu boti yake. Mama ya mutoto angefanya nini? Akafwata."

"Léonie alisema nini?"

"Alipanda."

Boti ya André bado ilionekana, ndogo, ikielekea milima ya Kongo. Régine alimgeukia Chewe, naye akatikisa kichwa kabla hajaombwa.

"Ile injini yake ni kubwa, mayo. Na petroli yangu imebaki ya kurudi tu."

Régine aliingia majini na nguo zake, akiita jina la mdogo wake, maji yakapanda kiunoni, yakapanda kifuani, hadi Rosaria alipomkamata kitenge kwa nyuma na kumvuta kama anavuta wavu.

Simu ililia Jumapili, watu wakitoka kanisani. Namba ilikuwa ya André, lakini aliyesema ni Léonie.

"Yaya, tuko muzuri. Usinitafute tena."

"Anasikia?" Régine alinong'ona.

Nyuma ya Léonie, Priscille alikuwa akilia, kisha akanyamaza ghafla. Régine aliibana simu sikioni, akasikiliza pumzi za mdogo wake, mpaka mkono mwingine kule ng'ambo ukaikata.