Meli Iliyopanda Mlima Madale

Wiki tatu nzima kompyuta ya Felicitas, karani wa uvuvi wa bahari kuu, ilionyesha meli ya kigeni ya jodari imetulia Madale, mlimani, kati ya mabanda ya kuku. Bosi wake, Brightson, akafoka: "Mtambo mbovu huo! Andika meli inatii sheria."

Jumapili aliwaalika wafanyakazi nyumbani kwake Madale, kwenye kipaimara cha mwanawe. Jodari walilika mpaka wakasazwa. Juu ya friji, kwenye kitambaa cha kufuma, kifaa cha kuonyesha meli ilipo, ambacho sheria inataka kifungwe melini, kilimetameta bila haya.

Jumatatu Felicitas akaandika ripoti: "Meli inatii sheria. Iko juu ya friji la bosi." Brightson, ambaye hasomagi anachosaini, akagonga muhuri, akaituma kwa waziri.